Pikipiki Niliyomuuzia Mwinjilisti

Mjukuu wangu Tumaini,

Salamu zako zimefika, nasi huku Njombe ni wazima. Bibi yako anapalilia viazi na ananigombeza kwa sababu siwezi kukaa mahali pamoja. Umeuliza: pikipiki yako ya zamani uirudishe dukani wakupunguzie bei ya mpya, au umuuzie mtu mwenyewe upate zaidi?

Wakati wa Mwingereza nami nilitaka kubadilisha. Mwenye duka mmoja Makambako alikuwa tayari kuichukua ile ya zamani, mimi niongezee fedha nipate mpya. Nikaona ananipunja, nikamuuzia jirani yangu, mwinjilisti. Nilimwambia wazi kwamba breki inachelewa kushika. Akasema, "Nimesikia, kaka."

Tangu hapo sikutulia. Kila alipokwenda Lupembe kuhubiri, jioni nilisimama mlangoni nikisikiliza, maana mlio wa pikipiki ile niliujua. Siku moja ukungu ulishuka na mlio haukusikika. Nikawasha pikipiki yangu mpya, nikamfuata. Nilimkuta katikati ya mteremko, anaikokota.

"Imeharibika?"

"Hapana. Si ulisema breki inachelewa? Mteremko huu huwa naushuka kwa miguu."

Ukiirudisha dukani, utaisahau siku hiyo hiyo. Ukimuuzia mtu, mwambie kila kitu, na ujue utabaki unamsikiliza. Mwinjilisti alizeeka, akafariki kitandani mwake, lakini pikipiki ikipita jioni mimi bado nasimama. Bibi yako huniambia, "Kaa chini, mzee. Alifika."