Nusu Dozi ya Baba

Kaka yangu Mondher,

Huku Sfax tu wazima, na zeituni zimezaa mpaka matawi yanainama. Mama anakutaja kila akipika kuskusi ya samaki.

Baba alianguka shambani wiki iliyopita. Usishtuke, yuko nyumbani. Hospitali walikuta sukari imepanda vibaya, ndipo akakiri kwamba tangu bima yake ifike kikomo cha mwaka, alikuwa akijidunga nusu dozi ili insulini imfikishe Januari.

"Baba, mbona hukusema?"

"Ningesema, mama yako angeuza bangili zake. Na wewe, kwa mdomo huo, ungeenda kugombana na watu."

Nikaenda kugombana. Karani wa bima akaniambia, "Dada, rudi Januari." Nikamjibu, "Basi mwambie baba yangu asiugue mpaka Januari," nikaketi palepale. Kesho yake nikarudi na Baba mwenyewe na cheti cha daktari, na kesho kutwa tena, mpaka meneja akatoka. Insulini wamekubali kulipia. Vijiti vya kupimia sukari wamekataa, kwa hiyo Jumatatu wataniona.

Sikuombi pesa. Nakuomba umpigie Baba simu, umwulize amejidunga kiasi gani. Mimi hunidanganya huku anacheka. Najua mliachana vibaya, na kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Anza wewe. Akisikia sauti yako atafurahi mno, hatakumbuka kudanganya.

Ni mimi mdogo wako, mkaidi vilevile,
Saloua