Mume wa Shosho

Muaither, Doha

Ndugu yangu Mutegi,

Huku ni joto tu na shifti za wodini. Nimekuona kwa TV ukiongea kwenye kumbukumbu ya wafungwa waliouawa vita vya Mau Mau. Suti imekukaa, siwezi kukudanganya. Lakini roho iliniuma. Mimi ndiye nilimwosha shosho miaka yote kabla nije huku, ila wewe ndiwe uliyepewa jina la babu, mumewe. Ukiingia alikuita "mume wangu". Mimi nilitumwa maji.

Eti babu alipigwa risasi akiwatoroka wazungu, mbio kama swara! Watu wakakupigia makofi. Mutegi, hayo ni maneno ya wale askari waliomuua. Waliposhtakiwa mahakama ya kijeshi kwa kuua wafungwa, walisema wafungwa walikimbia, wakaachiliwa. Babu alikuwa kiwete tangu utotoni. Ungeniuliza ningekuambia, lakini nani humuuliza Gakii?

Jana nilimpigia shosho nikitaka akuseme kidogo. Hakukusema. Aliniuliza tu, "Kwani mume wangu alijifunza kukimbia lini?"

Mjibu wewe, mwenye jina lake.

Dadako,
Gakii