Ananitaja Kila Makala, Ana Lengo Gani?

Mpendwa Bi Tjitske,

Nakuja kwako mikono kichwani, nisaidie kabla ya Ijumaa maana Ijumaa ndiyo jopo linakaa kuamua kama nitapewa uprofesa. Mimi ni mtafiti wa nyota hapa chuo kikuu cha Groningen, na miaka minane iliyopita niligundua sayari inayoizunguka nyota moja ya mbali, nikaandika makala, wenzangu wakaitaja mara chache ikapoa, na kama hujui kazi yetu, sisi tunapimwa kwa hesabu ya mara ngapi wengine wanatutaja, basi ghafla tangu mwaka juzi hesabu yangu imepanda, nikaipeleka kwa jopo, na nilipofuatilia nikakuta anayenitaja ni mtu mmoja, tumwite Hylke, wa ofisi ya pili kutoka yangu, yeye na wanafunzi wake, makala kumi na nne zote zina jina langu, na wala hatujawahi kuwa marafiki, hata siku yake ya kuzaliwa alipoleta keki nilikula kipande changu nikaondoka. Sasa najiuliza anataka nini, ni mapenzi, mbona mke anaye, au anataka na mimi nimtaje, au ananichimba, ili jopo liseme tumekula njama ya kutajana na nafasi ipotee, maana watu wameshafukuzwa kwa mchezo huo. Juzi kwenye kahawa ya saa nne na nusu akanisogelea.

“Dada, zile makala zangu umezisoma?”

“Nimeziona.”

“Sikuuliza kama umeziona.”

“Hylke, unataka nini kwangu?”

“Mimi? Haya, yaishe. Kunywa kahawa yako.”

Nimekuambatishia zote, jina langu nimelipaka rangi ya njano kila lilipo, ujionee. Nimshtaki kwa mkuu wa idara, au ninyamaze niupate uprofesa kwanza?

Mwenye Mashaka

*

Mwenye Mashaka,

Pole. Kungoja jopo kunamtafuna mtu, na mwenye hofu kila anayemsalimia humwona mbaya wake. Lakini mama, nawe umezidi.

Mimi elimu ya nyota sina. Jumapili nilikaa jikoni na makala zako mpaka supu yangu ya njegere ikaungua, nikafanya jambo ambalo wewe msomi hukulifanya: nilisoma sentensi inayofuata baada ya ile rangi ya njano. Makala ya kwanza inasema kwa adabu kwamba sayari yako iangaliwe upya. Ya tano inasema nyota yenyewe ina madoa, na inapojizungusha madoa hayo yanakuja na kupotea kwa siku zilezile ulizosema ni za mzunguko wa sayari, yaani huenda ulichokiona ni madoa tu. Ya kumi na nne adabu imeiishia, inasema haielekei kuwa pana sayari hapo.

Kwa hiyo hesabu uliyolipelekea jopo ni ya watu wanaosema umekosea. Wewe ulihesabu tu, na jopo nalo litahesabu tu. Aibu hiyo ni yako, usimtupie Hylke.

Usimshtaki mtu. Leo hii toa vipimo vyako vya zamani, uvipitie ukiyafikiria hayo madoa. Kama Hylke amekosea, mjibu kwa vipimo. Kama amesema kweli, mwandikie mwenyekiti wa jopo kabla ya Ijumaa, umwambie mwenyewe kwamba hizo kumi na nne zinakupinga, kisha chapisha masahihisho kwa jina lako. Huenda uprofesa ukakupita mwaka huu. Utalia, na una haki ya kulia. Ila ukinyamaza, watakuja kujua ukiwa umeshakaa kwenye kiti, na hutaweza kusema hukujua, maana sasa unajua.

Na huyo mbaya wako angeweza kukuanika siku ya kwanza. Badala yake, kila makala anaimalizia kwa mstari mmoja: kwamba anayestahili kuisahihisha sayari hii ni yule aliyeigundua, na wao wanamsubiri. Amekusubiri miaka miwili, akakufuata mpaka kwenye kahawa, ukamuuliza anataka nini. Kamgongee mlango.

Bi Tjitske