Kiti cha Baba

Makole, Dodoma
4 Mei 1999

Shangazi Evelina,

Mlio wa kikombe cha bati kikigonga meno ya baba hauniachi tangu Pasaka, ndiyo maana hata salamu zimechelewa. Shikamoo. Mu wazima huko Haneti? Uwele shambani umekomaa?

Mikono ya baba sasa inaruka yenyewe. Majirani wanasema ni pombe. Si pombe, ugonjwa huu tuliusoma chuoni. Mwilini kila protini hukunjwa ikae umbo lake, na zipo protini nyingine za kuisindikiza mpaka ikae sawa. Protini moja ya baba ina kasoro ya kuzaliwa. Wasindikizaji wamezidiwa, mabonge yanajaa ubongoni. Wataalamu wanajaribu kuwaongezea nguvu, lakini ni kwenye vichupa vya maabara tu. Dawa hakuna. Na mtoto hurithi au harithi, nusu kwa nusu.

Anselmi anataka kuleta posa. Hajui. Nimwambie?

Mwanao,
Sidonia


Haneti
19 Mei 1999

Sidonia mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, uwele tunafukuza ndege tu.

Hao wasindikizaji wako wavivu! Sisi mgeni tunamfikisha njia panda, wao wanamtupa mlangoni? Juzi chungu kimeniponyoka, basi nami nina mabonge?

Usimwambie mtu. Posa ije Jumamosi, tarehe 5 Juni. Baba yako akae chumba cha nyuma, tutasema ana malaria. Baba yako mdogo Batholomeo atakaa kwenye kiti chake. Baba mdogo ni baba, hapo hakuna uongo. Ukishaolewa, mengine ni ya Mungu.

Shangazi yako


Makole
30 Mei 1999

Shangazi,

Shikamoo. Baba yuko vilevile. Kuhusu chungu, sikucheka. Nenda hospitali, tafadhali.

Nilijaribu kukutii. Nilifagia chumba cha nyuma, nikamwingiza baba akizoee. Akaniuliza, "Nimekosa nini, mama?" Kile chumba kikanibana mimi.

Sikungoja tarehe 5. Jana nilimwita Anselmi na mshenga wake. Nilimkalisha baba kwenye kiti chake mwenyewe, nikawaeleza yote, na kwamba huenda nami ninao. Mshenga akasema, "Binti, mambo haya husemwa baada ya harusi."

Anselmi hakuitazama mikono ya baba. Aliitazama yangu.

Nikamwambia aende, simlaumu. Ameenda. Mwambie baba mdogo asipande basi.

Mwanao,
Sidonia