Dawa ya Kipimo Changu

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hapa juu ya cherehani. Gauni lako la harusi limekwisha, bado vifungo. Mama anauliza utakuja lini kulijaribu. Namwambia una shughuli.

Jana daktari alinionyesha picha: uvimbe wa kichwani umekua tena. Alishangaa, maana dawa ile waliichagua baada ya kuupima uvimbe wangu mimi. Akaomba kuona vidonge ninavyokunywa.

"Fundi," akasema, "hivi ni vitamini."

Na wewe ndiye uliyenipa kila asubuhi, ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: "Kunywa, kaka, upone."

Leo mchumba wako, mgonjwa mwenzangu uliyekutana naye kliniki ukinisindikiza, kanipigia simu kunishukuru kwa kumgawia dawa yangu. Masikini, uvimbe umeufanya ulimi wake mzito kuliko wangu. Nikazipokea shukrani zake. Mwambie wewe kwamba dawa hiyo haikukatwa kwa kipimo chake.

Vifungo nitavishona. Vidonge vyangu vya kweli vilivyobaki mpe mama aniletee. Kutoka mkononi mwako sinywi tena hata maji.

Kaka yako,
Fundi