Kamba ya Mzinga

Mume wangu Idrisa,

Shikamoo yako nimeipata; marahaba. Huku Kariakoo tu wazima, ila goti langu linaringa. Mama yako bado anataka uache kazi ya Mbeya urudi dukani.

Umeuliza mbona mzinga mdogo ulio juu ya kabati una kamba iliyolegea, ukasema ukija utanikazia. Thubutu!

Mzinga ule ni mfano wa mizinga ya manowari za zamani. Tuliutengeneza mimi na kaka yangu, nikiwa msichana. Yeye alikata mtutu kwenye bomba la shaba, akaunda kigari kwa mbao za sanduku la chai. Kamba zilikuwa kazi yangu, kwa uzi wa kushonea viatu. Ile nene, inayoufunga mzinga kwenye ubavu wa meli, niliikaza hadi ikalia. Nikampelekea mpangaji wetu, baharia mstaafu, nikingoja sifa. Akacheka.

“Binti, huu ukipigwa utang’oa ubavu wa meli! Mzinga lazima urudi nyuma. Kamba haiuzuii kwenda, inauzuia usipotee.”

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikafungua mafundo, nikailegeza. Hadi leo haijakatika.

Barua hii ataipiga picha mama yako ndipo akutumie. Nimeiandika kwa herufi kubwa, asiruke mstari.

Ni mimi bibi yako,
mke wako mkubwa