Nani Atatuezekea Nyumba

Jumamosi, kiangazi kimefika katikati. Gitega. Jua kali, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na upepo unaoshuka kilimani bado una harufu ya majivu.

Sisikii kitu chochote moyoni leo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nataka kuhurumiwa.

Mnaonisoma tangu zamani mnanijua. Mimi ndiye niliyejaza ukurasa mzima nikieleza jinsi Swedi anavyopima kitenge kwa mkono, kutoka ncha ya kidole hadi begani, siku ya kwanza alipomletea baba yangu mzigo kule Muyinga. Baba ni mshonaji, Swedi anauza vitambaa soko la Gitega, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nikijifanya nachambua mchele. Niliandika kwamba akicheka, jicho la kushoto hufumba kabla ya la kulia. Mlinitania kwenye maoni. Mlisema, ngoja kwanza uolewe. Nikaolewa, na nikaandika mara mbili zaidi.

Bado nampenda. Naliweka hapa waziwazi ili nisije nikalisahau. Ila ni kama mtu aliyeamka mkono wake umekufa ganzi. Anauona, anajua ni wake, lakini hausikii.

Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji, pale kilima kinapoanza, chini ya mikaratusi. Kila kiangazi watu wa juu huchoma nyasi ili mvua zikirudi ng'ombe wapate majani mabichi. Kwa kawaida moto hubaki hukohuko juu. Wiki ya tatu ya ndoa yetu haukubaki.

Paa lililoungua lilikuwa zawadi ya harusi. Juma, binamu yake Swedi, ni fundi wa kuezeka. Wengine walileta masufuria na mablanketi. Yeye alituletea paa zima. Alilipigilia mwenyewe huku akiimba, nami nilimpikia pilau. Juu ya kitanda chetu alitandaza mikeka ya matete iwe dari, na kati ya ukuta na mabati akaacha uwazi pande zote. Wa hewa, alisema. Nililipenda paa lile. Kuna mvua moja ilipotea njia ikanyesha kiangazi, tukalala tukiisikiliza, Swedi na mimi, mkono wake chini ya shingo yangu. Niliwaandikia hilo pia. Mtu mmoja akajibu kwamba ndoa changa hata kelele za mabati huziita muziki.

Siku ya moto nilikuwa peke yangu. Nilitoka nje nimebeba ndoo ya maji. Sikuimwaga popote. Nilisimama nayo uani mpaka Swedi alipofika mbio kutoka sokoni, akanifungua vidole kimoja kimoja, akaiweka chini.

Hatukuwa na pa kulala. Mama mkwe anaishi chumba kimoja na wajukuu. Swedi akahamia dukani, juu ya marobota ya vitenge, nami nikaenda kwa wazazi Muyinga tusubiri paa jipya.

Bibi harusi aliyerudi kwao kabla hina haijafutika mikononi. Nadhani mnajua watu wanasema nini.

Shangazi Mariamu alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa, akanitazama kwanza tumboni, kisha usoni.

"Amekupa karatasi?"

"Hapana, shangazi. Nyumba imeungua."

"Ndiyo. Hivyo ndivyo tunavyowaambia watu. Mi nakuuliza we."

Zamani ningecheka au ningelia. Nilimenya ndizi.

Muyinga, basi, nimeachwa. Gitega nako kuna hadithi nyingine, na hiyo ilichelewa kunifikia. Wanasema moto wa kilimani haukufika kwetu, ila bibi harusi alisahau imbabura yake, jiko la mkaa, ikiwaka, makaa yakashika pazia, na nyumba ikaondoka. Niliisikia kwa muuza mkaa, ambaye hakujua anaongea na nani. Alisema, wasichana wa siku hizi wanapika huku wanatazama simu.

Jiko halikuwashwa siku ile. Lakini hakuna aliyeniuliza, nami sikumwambia mtu. Sijui kueleza kwa nini. Maneno yalikuwepo, nilikuwa nayaona. Sikuwa na nguvu ya kuyainua.

Wiki iliyopita nilikuja kutafuta vyombo kwenye majivu. Nilipoinua kichwa nikaona nyumba ya Mama Goreti, mjane anayeishi juu yetu, karibu zaidi na ulikotokea moto. Imesimama. Kuta zimeingia moshi, migomba ya nyuma imekauka, lakini paa liko palepale. Nikapanda kumuuliza ni fundi gani aliyeezeka. Akanipa jina, Fundi Deo wa Ryansoro, na namba yake ya simu, na viazi vitamu.

Nikampigia Swedi. Nikamtajia Fundi Deo.

"Juma ameshajitolea kuezeka tena," akasema. "Bure. Nitamwambiaje hapana?"

"Usimwambie kitu. Njoo tu tumsikilize huyu."

"Sawa, mpenzi. Ukipenda wewe."

Kila jioni alikuwa ananiita hivyo kwenye simu. Mpenzi. Tutajenga, usijali, mali hutafutwa. Sauti laini kama ya mtu anayeongea na mgonjwa.

Kwa hiyo leo asubuhi nimepanda gari kutoka Muyinga, tumebanana kwa sababu mafuta hayapatikani na kila gari ni la bahati. Nimefika uani kwetu saa sita. Swedi alikuwepo, kanyoa ndevu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda karibu na birika la chai, maana kwake hakuna neno linaloanza bila chai. Na Fundi Deo alikuwa tayari anazunguka kuta, kofia nyuma, anapiga tofali kwa kiganja kama anayechagua tikiti maji.

Si mtu wa kunyenyekea. Alikulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, na Kiswahili chake kinatoka moja kwa moja kama rula.

"Kazi yangu haiungui, dada," akaniambia kabla hata ya salamu kuisha. "Kamuulize Mama Goreti. Au usimuulize, nyumba yake unaiona."

Masharti yake aliyatoa akiwa amesimama pale kilipokuwa chumba chetu cha kulala. Ukuta upandishwe mpaka ukutane na bati, uwazi wote uzibwe kwa tofali na saruji. Hewa ipite kwenye matundu madogo yenye wavu wa chuma, wavu mwembamba ambao cheche haipenyi. Dari la matete hataki kuliona. Na ile mikaratusi miwili iliyoinamia nyumba ikatwe kabla hajapanda ngazi.

"Mkitaka ule uwazi wa zamani mimi simo. Tafuteni mwingine."

Mwingine akawa anaingia uani. Juma, anasukuma baiskeli, mabati mapya yamefungwa juu yake kwa mipira, yanapiga kelele kila gurudumu likikanyaga jiwe. Alikuwa anatabasamu. Kisha akamwona mtu mwenye futi mkononi, akamtambua.

"Bon. Bibi harusi ametuletea fundi ya Tanzania. Kumbe mabati ya huku iko na ugonjwa?"

"Karibu, shemeji," nikasema.

"Karibu tena? Mi iko kwangu hapa." Akamgeukia Deo. "We kaka, mi nilikuwa napanda mapaa wakati we uko kwenye foleni ya maharage kambini."

"Maharage yale yalinipa nguvu ya kuziba matundu," Deo akajibu, anaendelea kupima.

Mama mkwe akaguna ndani ya kikombe chake. Hata Swedi alitaka kucheka. Laiti ingeishia hapo.

Lakini Juma aliegemeza baiskeli ukutani na sauti yake ikashuka. "Swedi, ndugu yangu. Bati haiwaki, kila mtu anajua. Moto ilitoka chini. Hata uweke paa ya dhahabu, kama imbabura inasahaulika..."

Hakumaliza. Mama mkwe akainamia birika. Swedi akatazama viatu vyake.

Ndipo nikaelewa tulichokuja kuamua. Tukimchukua Deo, tunasema paa la Juma ndilo lililoungua. Tukimchukua Juma, tunasema ni mimi. Na nikiingia nyumba ile chini ya paa la pili la Juma, nitapika kila siku ya maisha yangu huku watu wananusa.

Nikasema, "Jiko halikuwashwa siku ile."

Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetaja anachotaka dukani. Nikaendelea hivyo hivyo. Nilikuwa nimekula kiporo cha mama mkwe, chenyewe baridi, jiko lilikuwa nje na majivu ya jana. Nilikuwa nimekaa kitandani nakunja mashuka. Nikasikia kitu kinatembea juu ya matete. Nikadhani panya. Kisha matete ya juu ya mto yakabadilika rangi, doa dogo la kahawia, likakua likawa kama sahani. Nililitazama. Lilikuwa linakua taratibu na mimi nalitazama. Sahani ilipotoboka, majani ya mikaratusi yakaanza kudondoka kitandani yakiwaka, upande anaolala Swedi. Ndipo nikatoka.

Deo alivua kofia.

"Mbona hukusema?" Juma akauliza. Hakuwa na dharau tena.

"Ulikuwa unalia, shemeji. Ulikaa kwenye tofali umeshika bati lililojikunja, ukalia. Ningeanzia wapi?"

Juma akaangalia juu, ambako sasa hakuna kitu ila mbingu. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anahesabu misumari.

Swedi aliinuka. Nilidhani anakuja kwangu. Akaenda kwenye baiskeli, akakaza mipira iliyoshika mabati, mmoja mmoja, yasije yakaanguka njiani. Alipomaliza akamshika Juma bega.

"Zawadi ya kwanza niliipokea kwa mikono miwili. Hii nakushukuru, lakini sitaipokea. Fundi Deo ataezeka."

"Unanisema hivi mbele ya mtu wa nje?"

"Nakusema mbele ya mke wangu."

Juma akaondoka na baiskeli yake. Tulisikia yale mabati mpaka kwenye kona ya barabara. Mama mkwe akasema, "Chai yake imebaki," bila kumwambia mtu yeyote, na Deo akaona hakuna sababu ipoe, akainywa.

Mama Swedi hakuniomba radhi. Alinisogezea kigoda chake na yeye akakaa chini. Kwa wanaomjua, hilo si dogo.

Nilisubiri nilie, au nifurahi. Mume wangu amenisimamia mbele ya ukoo wake. Wiki nane zilizopita ningeijaza blogu hii maua mpaka mngeomba basi. Nilitafuta ndani yangu, sikukuta kitu. Nikaosha vikombe.

Jioni hii, Deo alipokwisha kuondoka, tulikaa kwenye kizingiti, Swedi na mimi, mlango wenyewe haupo. Nikamuuliza.

"Na wewe ulidhani ni jiko?"

Angeweza kudanganya. Ningemwamini, na ningelala. Alinishika mkono na kusema, "Ndiyo. Tangu siku ile. Nikajiambia, hata kama ni yeye, ni mke wangu, na sitamuuliza mpaka tunazeeka."

Najua hilo ni neno zuri. Najua mtaniandikia kwamba waume kama hawa wamekwisha duniani, na kweli wamekwisha. Alidhani nimemchomea nyumba, na bado hakukosa jioni hata moja kunipigia simu. Alinyoa ndevu kwa ajili yangu. Alikubali kuzeeka na mwanamke aliyemchomea nyumba, bila kumtupia neno.

Lakini mwanamke huyo hakuwa mimi.

Hapo ndipo kitu kikachoma, hapa chini ya kifua, padogo. Kitu cha kwanza tangu moto. Nilitamani kiwe furaha. Ni uchungu, na nimeupokea, maana angalau huo ni wangu.

Kwa wiki zote hizi alikuwa ananisamehe kimyakimya, na mimi nilikuwa nasikia msamaha huo kwenye simu, nikidhani ni mapenzi tu. Labda ni kitu kimoja. Mimi sijui ndoa, nina wiki chache tu ndani yake. Ila msamaha wa kosa ambalo sikulifanya ni mzito, na nimeubeba bila kujua kilichonichosha.

Nimempigia baba kwamba sirudi Muyinga. Nitalala kwa Mama Swedi, kwenye mkeka na wale watoto, mpaka bati la mwisho lipigwe. Shangazi Mariamu atafute habari nyingine. Kesho Swedi anaazima shoka kwa Mama Goreti ili mikaratusi miwili ianguke, na fundi atakuja akiona visiki.

Kabla hajaenda kuazima shoka, nitamwambia jambo moja. Nimelipanga maneno yake ili nisishindwe kuyainua. Swedi, ukisikia neno juu yangu, usinivumilie. Njoo uniulize, hata kama jibu unaliogopa.

Kisha nitanyamaza, nione anajibu nini.